Dumu la Kwanza

Askari wa forodha upande wa Rwanda hakuwa na neno na senene wangu. Neno lilikuwa kwenye mfuko.

"Chakula kinaingia, mama," aliniambia kwa Kiswahili, akiushika mfuko wa nailoni kwa ncha za vidole. "Huu hauingii."

Nilikuwa nimewakaanga senene wale usiku wa kuamkia safari, nikawatandaza kwenye ungo wapoe, kisha nikawafunga kwenye mfuko mwepesi usio na rangi, ule wa kufungia karanga, niwapelekee wenyeji wangu wa Kigali zawadi ya Muleba. Ilibidi niwamimine kwenye kitambaa nilichofunikia mkate, nikapiga fundo. Mfuko ukaingia kwenye pipa lililokwisha kujaa mifuko ya waliotangulia. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Sisi Tanzania tulifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, na pale shuleni kwetu mimi ndiye niliyewasomea wanafunzi tangazo lile mstarini. Niliona aibu, na ilinikaa kifuani hadi Kayonza.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza Kigali. Nilikuwa naenda kwenye mafunzo ya siku tano ya walimu wa shule za msingi, namna ya kufundisha mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Novemba ilikuwa inaishia. Darasa la saba walishamaliza mtihani wao Septemba, la nne Oktoba, na Mwalimu Mkuu akaona naweza kuruhusiwa bila shule kuyumba. Aliniteua kwa sababu nafundisha Jiografia na Mazingira, somo lililokuja na mtaala ulioboreshwa wa 2023. Ualimu nimeufanya miaka 14. Somo hili bado naliona jipya mikononi.

Barua ya mwaliko ilikuwa na sharti moja nililolitafakari wiki nzima: kila mwalimu aje na kazi moja ya mwanafunzi iliyomsumbua. Nikachukua karatasi ya jaribio la darasa la nne. Swali: Eleza maana ya mabadiliko ya tabianchi. Mtoto alikuwa ameandika mstari mmoja tu kwa penseli: "Ni nchi kuacha tabia yake." Nilikuwa nimempiga mkasi kwa wino mwekundu. Jibu la kitabu lina mistari mitatu, linataja wastani, joto na gesijoto, na neno kuacha halimo. Hata hivyo karatasi ile ilinisumbua, na sikujua kwa nini.

Kutoka Muleba tulishuka hadi Biharamulo, tukafika Lusahunga, na hapo tukaingia kwenye foleni ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura. Tukapita Benaco. Mzee aliyekaa kiti cha jirani, mwenyeji wa Ngara, alininyooshea kidole vilima vya upande wa kulia. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, wengi wakatua hapo Benaco. "Watu wale walikuwa na haki ya kuivisha uji wa watoto wao," mzee alisema. "Lakini miti iliisha, mwalimu. Mwaka ule nilijifunza kwamba kuni ni kitu cha kuhesabika." Nikaandika sentensi yake kwenye jalada la daftari.

Daraja la sasa la Rusumo, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani, lilifunguliwa rasmi Aprili 2016 na marais Magufuli na Kagame. Chini yake unapita mto Kagera, Wanyarwanda wanauita Akagera, na kando yake kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Abiria wote tulisogea dirishani kuyatazama maporomoko. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, mazito, yakirusha povu. Nilipiga picha mbili na sikuwaza zaidi ya hapo.

Baada ya daraja gari linahamia upande wa kulia wa barabara, na saa inarudi nyuma kwa saa moja. Kisha vilima vinaanza, wala havikomi. Kirehe, Ngoma, Kayonza, Rwamagana, kila kilima kimekatwa matuta ya ngazi toka kwenye bonde hadi karibu na kilele, na kwenye ukingo wa kila ngazi kuna mstari wa mabingobingo. Mimi ni mtu wa migomba, najua shamba linalotunzwa nikiliona kwa mbali. Nilihesabu ngazi za kilima kimoja, nikafika 31 basi likapinda.

Tuliingia Kigali mvua ikinyesha. Stendi ya Nyabugogo iko bondeni, na mji umepanda pande zote, taa juu ya taa. Mitaro mikubwa ya mawe ilikuwa inashusha maji mekundu kwa kelele. Dereva wa pikipiki alinikabidhi kofia ngumu kabla hata hatujapatana bei, nikafunga mkanda, tukapanda mlima hadi Kicukiro.

Semina nilizozizoea nazifahamu kama mfuko wangu. Unasaini, unakaa, projekta inawashwa, kuna chai ya saa nne, unapewa vitini, unachukua posho, unarudi. Vitini vinaingia kabatini kwa Mwalimu Mkuu na havitoki tena. Sisemi haya kwa kulaumu. Nimehudhuria tatu za namna hiyo na sikumbuki chochote zaidi ya ukumbi.

Kigali tulikuwa walimu kama 30, wengi wao Wanyarwanda, Waganda watatu, Watanzania wawili. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimekaa miaka mingi, na alihama kutoka Kiswahili kwenda Kinyarwanda na Kiingereza bila kutuacha nyuma. Asubuhi ya kwanza hakuwasha chochote. Alitutoa nje, nyuma ya madarasa, ambako alikuwa ameegesha ubao kwenye matofali ili ulale kwa mteremko. Juu ya ubao kulikuwa na madumu matatu ya mafuta ya kula, ya lita 5, yamelazwa na kukatwa ubavuni yakawa kama vihori. La kwanza lilikuwa na udongo mtupu. La pili udongo uleule, umefunikwa majani makavu. La tatu lilikuwa limepandwa nyasi wiki kadhaa nyuma, na mizizi ilionekana ikitambaa kwenye plastiki. Vifuniko vilikuwa vimetolewa, na chini ya kila mdomo kulikuwa na glasi.

Akachukua kopo lililotobolewa misumari kitakoni, akatuita tumimine wenyewe. Lita moja kila dumu. Mimi nilipewa la kwanza.

Maji yalitoka mara moja, kabla sijamaliza kumimina. Yalikuja mekundu, mazito, yakajaza glasi na kumwagikia viatu vyangu. Katikati ya udongo palibaki mfereji mdogo, umekatwa kama kwa kisu. La pili lilikawia, kisha likaanza kudondosha maji ya rangi ya chai ya rangi iliyopoa. La tatu lilitufanya tusubiri hadi mwalimu mmoja wa Kampala akaanza kuhesabu kwa sauti. Yalipotoka yalikuwa machache na meupe karibu ya kunyweka.

"Mmeona nini?" mkufunzi akauliza.

"Mmomonyoko wa udongo," tukajibu kwa pamoja, kama darasa.

"Sijauliza linaitwaje. Nimeuliza mmeona nini."

Kimya kilikuwa kirefu. Mwalimu wa Musanze akachuchumaa, akachovya kidole kwenye glasi ya kwanza, akasema, "Shamba limo humu ndani." Na mimi, nikiangalia lile dumu la pili, nikamwona bibi yangu mzaa mama. Alikuwa anakwenda rweya, kwenye nyika za majani nje ya kijiji, anafyeka, anafunga mzigo, anaubeba kichwani hadi kwenye kibanja, anautandaza chini ya migomba. Nilimsaidia tangu nikiwa na miaka saba, nikilalamika njia nzima kwa sababu majani yale yanawasha shingo. Kwetu Uhaya kibanja hakiachwi uchi. Nimefundisha matandazo kutoka kitabuni kwa miaka, nikawaandikisha watoto tafsiri yake, na sikuwahi hata siku moja kumtaja bibi. Niliwaambia wenzangu hivyo, na sauti ilinikwama.

Jioni ile tulizungumza sana kuhusu lugha. Rwanda, tangu mwishoni mwa 2019, shule za msingi zinafundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, na mtaala wao unaojali umahiri, ulioanza 2016, unataka mazingira na uendelevu viguswe katika kila somo. Ni agizo zuri. Ila mwalimu aliyekaa karibu nami, anayefundisha Rubavu, alieleza jinsi linavyofika darasani. Mtoto anakariri neno la Kiingereza la mmomonyoko, analiandika bila kosa, anapata alama. Nyumbani kwao kuna neno isuri, analijua tangu hajaota meno ya mbele, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni kitu kimoja.

Kisha akatusimulia usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua ilinyesha magharibi na kaskazini ya Rwanda, milima ikaporomoka, mto Sebeya ukafurika Rubavu. Watu zaidi ya 130 walifariki. "Wiki mbili kabla nilikuwa nimefundisha mada hiyo," alisema. "Nilifundisha vizuri. Nilikagua madaftari. Hakuna hata mtoto mmoja niliyemuuliza, nyumba yenu iko wapi kwenye mlima." Hakuongeza, nasi hatukumuuliza. Mkufunzi alifunga daftari lake, tukakaa hivyo hadi taa za ukumbi zikawashwa.

Siku ya pili ndipo zilipofika zamu za karatasi. Mkufunzi aliisoma yangu mara mbili.

"Mwalimu, hapa umeweka mkasi kwa nini?"

Nikajieleza: jibu halijakamilika, halina wastani, halina sababu.

"Sawa. Sasa nchi yenu ya Muleba, tabia yake ilikuwa ipi?"

Nikaanza kueleza. Vuli za kwetu, mvua zilivyotazamiwa. Senene, ambao watu wazima walikuwa wanautaja mwezi wao kwa uhakika, na sasa bibi zetu wanasema hawaji kwa miadi: mwaka huu wengi, mwaka ujao taa za kuwanasia zinawaka usiku kucha na ndoo ni tupu. Ziwa Victoria, ambalo Mei 2020 lilipanda likavunja rekodi iliyodumu tangu 1964, likameza vibanda vya mialo yetu, wavuvi wakahamisha jamvi lao la dagaa hadi barabarani. Nilizungumza bila kupumzika, na nilipotua alikuwa ananitazama kwa upole.

"Mtoto alikuwa ameanza kuyasema hayo," alisema. "Wewe ukamkatisha kwa wino."

Nimeyaweka maneno hayo hapa kwa sababu ndiyo niliyoyafuata Kigali, ingawa sikujua. Neno tabianchi limeundwa vizuri. Limeshika tabia na nchi. Mtoto yule alilifungua mwenyewe, bila msaada, akaona kilichomo. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza swali la pili.

Swali la pili lina hesabu yake. Wanasayansi wa hali ya hewa hupima tabianchi kwa wastani wa miaka 30. Mtoto wa miaka kumi hana miaka 30. Bibi yake anayo. Kwa hiyo zoezi tulilotengeneza ni hili: kila mtoto amwendee mzee mmoja wa nyumbani aliyevuka miaka 50, amsalimie, amuulize mvua zilikuwa zinaanza lini alipokuwa wa umri wake, kisima kipi kilikuwa hakikauki, mdudu gani au ndege gani alikuwa anatangulia mvua. Majibu yanaletwa darasani na kuandikwa ukutani. Halafu yanalinganishwa na vipimo vya mvua, maana wazee nao kumbukumbu huwachenga, na mtoto ajue hilo pia.

Vipimo tukaanza kuvitengeneza. Kopo la pande zilizonyooka, rula, kigingi cha kulisimamisha mbali na miti na paa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Hilo nilikuwa nalijua. Sikuwa nimelipeleka popote. Darasa langu lina bati la takribani mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya mchana mmoja wa kawaida, inamwaga juu yake lita 1,260. Mapipa sita ya lita 200 na zaidi. Watoto wangu wanabeba maji kwenye madumu kila asubuhi, na nyuma ya darasa hilohilo kuna korongo lililochimbwa na maji ya bati, ambalo sasa limefichua jiwe la msingi. Nimelipita miaka 14. Tuliandika maandalio ya somo la Hisabati kutokana na korongo hilo, na mwalimu wa Kampala aliponifundisha mbele ya wenzetu, mimi nikiwa mwanafunzi, nilinyoosha kidole kama mtoto.

Kuna jambo nililomweleza mkufunzi waziwazi na nitalisema hapa. Kumwita mwalimu mmoja kutoka kila shule hakutoshi. Akihamishwa, somo linahama naye. Ingefaa waje wawili, na Mwalimu Mkuu awe mmoja wao, maana ndiye anayeruhusu watoto kutoka nje ya darasa na ndiye anayejibu mzazi anayeuliza kwa nini mwanawe kachafua sare kwa udongo. Mkataba wa Paris wa 2015 una kifungu kizima, cha 12, kinachozitaka nchi kuelimisha na kufundisha watu kuhusu tabianchi. Kifungu hicho kikishuka hadi Muleba kinakutana na mwalimu mmoja mwenye vipindi 30 kwa wiki.

Siku ya tatu tulikwenda Nyandungu, ardhioevu iliyokuwa imechakaa ndani ya mji na sasa ni bustani ya zaidi ya hekta 120, iliyofunguliwa 2022. Maji ya mtaa yanaingia na taka na matope, yanapita katikati ya mafunjo na mabwawa, yanatoka yametulia. Tulibeba glasi zetu. Tukateka juu, tukateka chini, tukaziweka pamoja kwenye benchi. Ilikuwa madumu yale yale, kwa ukubwa wa bonde. Usiku tukaliona kuba la ukumbi wa mikutano likiwaka rangi. Mwalimu wa Musanze akanikumbusha kwamba Oktoba 2016 ni katika mji huu nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za majokofu na viyoyozi zinazoongeza joto, na makubaliano yakapewa jina la Kigali.

Mafunzo yalikwisha Ijumaa. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wakazi wa mtaa. Kuanzia saa mbili maduka yalikuwa yamefungwa na barabara zimenyamaza, nami nikafuatana na mkufunzi hadi kwenye mteremko wa mtaa wake. Watu walikuwa wengi, wenye majembe na sululu. Tulichimba imirwanyasuri, makingamaji yanayokata mteremko ili maji yasishuke kwa mbio. Jembe la Rwanda halina tofauti na la kwetu, mikono ilinikubali haraka. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja mzee, kilemba cha kitenge, anachimba kwa mapigo mafupi bila kusimama. Nilimsalimia kwa Kinyarwanda nilichojifunza wiki ile. Akauliza natoka wapi. Mkufunzi akamwambia: Tanzania, kule kando ya ziwa.

Mama aliegemea mpini, akanitazama, akasema kitu kirefu kidogo. Mkufunzi akanitafsiria: "Anasema, basi ninyi ndio mnaoupokea udongo wetu."

Nikamwomba anieleze. Alieleza kwa mpini wa jembe, akichora chini. Maji ya vilima hivi yanashuka Nyabugogo, pale stendi. Nyabugogo unaingia Nyabarongo. Nyabarongo unakwenda kuwa Akagera. Akagera unaingia kwenye ziwa lenu. Alipofika kwenye ziwa alichora duara kubwa, akanionyesha nisimame ndani yake.

Saa tano watu wakaketi kwenye majani kwa mkutano wa mtaa. Nilitoa kile kitambaa cha senene, kilichokuwa kimebaki nusu, nikampa yule mama. Aliwapokea kwa mikono miwili.

Jumapili basi lilifika Rusumo mchana. Wasafiri wapya walisogea dirishani kutazama maporomoko, wakatoa simu. Nami nilisogea. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko juu, na mto ulikuwa na rangi ileile iliyomwagikia viatu vyangu, rangi ya dumu la kwanza, ukienda upande wa kwetu. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Nimekula samaki wa ziwa lile tangu nizaliwe.

Ng'ambo ya daraja nilisogeza saa mbele kwa saa moja, nikatoa karatasi ya mtoto wa darasa la nne na kalamu ya penseli. Kwenye nafasi iliyobaki chini ya jibu lake nikaandika swali la pili.